Sauti ya Pili Haianzi

Kavira,

Umetoka sasa hivi kwenda kuaga kwaya, na mvua imekukuta njiani. Nimeisikia ikianza kwenye mabati kabla hujafika kona. Bibi yako Mukaka amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni, nami niko mezani. Barua hii nitaiweka ndani ya mkoba wako, chini ya sweta, na nitakuomba usiisome mpaka ndege iwe imeruka kutoka uwanja wa Rughenda.

Sitaandika juu ya chandarua, maji ya kuchemsha, wala watu wa kuogopa sokoni. Hayo shangazi yako ameyasema yote kwa simu, na yeye anaijua Kisangani ya leo kuliko mimi. Nataka kujibu swali lako la Jumapili.

Tulikuwa tunarudi kutoka misa. Ulisimama katikati ya njia, motar mmoja akakukwepa na pikipiki yake akisema, "Ee mademoiselle, barabara haiko ya baba yako!" Hukumwangalia. Ukaniambia:

"Mama, mi siendi tena Kisangani."

"Juu ya nini?"

"Nikienda, nani ataanzia Mukaka?"

Nilikuvuta pembeni ya njia. Nimefanya kazi ya kuuliza maswali redioni tangu kabla hujazaliwa, na nimeona kwamba anayejibu haraka mara nyingi anajibu swali lingine. Tulipofika nyumbani ulitoa nguo zako mkobani ukazirudisha kabatini. Kesho yake nikazirudisha mkobani. Ukazitoa tena. Jana umeziacha humo, lakini si kwa sababu ulipata jibu. Ni kwa sababu baba yako alipiga simu kutoka Beni, nawe hukutaka kubishana naye.

Nitaliandika jambo lenyewe tangu mwanzo, kana kwamba msomaji hajui chochote. Ni mazoea ya kazi. Na siku moja utakuwa mbali vya kutosha kusahau kipi kilitangulia kipi.

Mukaka alianguka wakati wa mavuno ya maharagwe, akiwa bado anaishi kwake Lubero. Mjomba wako alimleta Butembo kwa lori la viazi, amelazwa juu ya magunia. Daktari alisema ni kiharusi. Mguu ulirudi, mkono ukarudi nusu, maneno hayakurudi. Lilibaki neno moja tu: "Kumbe." Akitaka maji, kumbe. Akikataa maji, kumbe. Unakumbuka jirani yetu Mama Kahindo alivyokuja kumsalimu mara ya kwanza, akavuta kibao akakaa?

"Mukaka, maharagwe imekuwa kali ku soko."

"Kumbe!"

"Na ule bwana ya Kanyere ameoa tena."

"Kumbeee."

"Mi nilimwambiaka, ule mwanaume haiko mutu."

"Kumbe."

Alipotoka alinishika mkono pale mlangoni. "Mukaka amepona," akasema. "Tumesemezana muzuri sana."

Tulicheka, wewe na mimi, lakini Mama Kahindo alikuwa amefanya vizuri kuliko mimi. Mimi nilimhoji. Nilikaa mbele ya mama yangu mzazi kama ninavyokaa mbele ya mtu aliyeponea ajali, nikauliza kwa sauti ya chini, swali moja moja: unaumwa wapi, unajua uko wapi, mimi ni nani. Alipokosa kujibu nikabadilisha maswali yawe ya ndiyo na hapana. Baadaye nikaleta picha. Alifumba macho. Siku moja alikipiga kikombe kikaanguka, nikaandika moyoni kwamba ana hasira, kama vile ni dalili ya ugonjwa. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba mtu hunyamaza kwa sababu hajaulizwa vizuri.

Wewe hukumuuliza kitu. Ulikuwa unamenya viazi, mgongo wako kwake, unaimba ule wimbo wa kupanda ambao yeye mwenyewe alikufundisha ukiwa mdogo, likizo, kule mashambani kwenye baridi. Naandika maneno yake kwa Kiswahili ingawa huimbwa kwa Kinande chetu. Mmoja anauliza: "Nani ameamsha kilima?" Wengine wanajibu: "Ni sisi, jembe bado limelala." Uliuliza bila kufikiri, kama mtu anavyoimba akiwa na kisu mkononi. Na nyuma yako sauti ikajibu sentensi nzima, kila neno mahali pake, katika sauti ya pili.

"Mama! Mukaka anasema!"

Nilikuja mbio na simu ili nirekodi. Nikapiga magoti mbele yake nikasema, "Mama, sema tena."

"Kumbe," akasema, kwa ukali.

Daktari hakushangaa. Alituambia kwamba maneno na wimbo havipiti barabara moja kichwani. "Route ya maneno imekatika," alisema. "Ile ya wimbo iko bado. Mutumie ile." Watu wa huku hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Barabara ya Beni ikifungwa, mtu hutafuta njia nyingine, na anafika amechelewa lakini anafika.

Mkaitumia. Uliingiza maneno mengine katika wimbo uleule: nani anataka uji, nani anasikia baridi, wapi panauma. Yeye akajibu kwa wimbo, na hivyo ndivyo tulivyojua kwamba bega ndilo lililomuuma, si kichwa, na kwamba hakutaka dirisha lifungwe, na kwamba mbuzi wake wa Lubero apewe mjomba wako lakini yule mweupe asiuzwe. Mambo haya nilikuwa nimeyauliza kwa miezi.

Lakini hakuanza hata mara moja. Ulipokuwa shuleni alikaa kimya mpaka urudi. Nilijua kwa nini, kwa sababu nililelewa na sheria hiyo. Katika shule ya misioni ya Lubero walimweka sauti ya pili katika kwaya akiwa msichana, na sista aliyewafundisha alikuwa akiinua mkono na kusema: sauti ya pili haianzi, sauti ya pili inangoja. Mama alitulea nayo nyumbani. Tukinyoosha mkono kwenye ugali kabla ya wageni, alisema, "Sauti ya pili haianzi." Nikidakia maneno ya wakubwa, hivyo hivyo. Kiharusi kilichukua kila kitu kikaacha neno moja na sheria moja.

Kwa hiyo swali lako lilikuwa sahihi. Wewe ni sauti yake ya kwanza. Ukiondoka kesho, anabaki na Kumbe. Na hatujamwambia kwamba unaondoka. Ulisema hutaki aanze kungoja kabla ya wakati. Nilikubali kwa sababu sikujua ningemwambiaje.

Ungeweza kuniambia: si wewe upo, Mama? Hukusema, kwa heshima. Unajua siimbi.

Nilikuwa na umri uliokuwa nao wewe darasa la tano, katika kwaya ya watoto ya parokia. Mwalimu alipita mstari hadi mstari akisikiliza, akasimama kwangu. "Wewe," akasema, "fungua kinywa tu." Hakusema kwa ubaya. Sikukuu ilikuwa karibu, naye alikuwa na kazi. Nikafungua kinywa tu. Nimekifungua hivyo katika kila misa tangu siku ile. Wewe umesimama kando yangu miaka yote, na sijui kama ulijua kwamba upande wako wa kulia hapakuwa na sauti.

Sikuona hasara. Nilipoingia redioni, mkuu wa habari alisema sauti yangu ni tambarare na kwamba inafaa kwa habari mbaya. Ilikuwa sifa. Habari mbaya hazikuwa chache, na mtu aliyesoma bila kutetemeka alihitajika. Nilichokosea ni kuchukua maneno ya mtu aliyekuwa na haraka, nikayafanya hukumu.

Hasara niliiona Kisangani, na ndiyo sababu nakueleza wewe unayekwenda huko. Nilipelekwa kujifunza kazi, nikiwa kijana nisiyemjua mtu. Nyuma ya ukuta wa chumba changu palikuwa na uwanja ambapo kwaya ya mtaa ilifanya mazoezi. Nilizijua nyimbo zao zote. Nilijua hata mahali ambapo tenori walikosea kila wiki na jinsi walivyotukanwa. Siku moja kwenye bomba la maji, mwanamke mmoja wa kwaya ile alinisemesha.

"We mugeni. Uko sauti gani?"

"Mi siimbi."

"Kila mutu anaimba. Nimeuliza, uko sauti gani?"

"Niko na kazi mingi."

"Haya, Bibi Kazi," akasema, akabeba ndoo yake. Hakuuliza tena.

Angalia alichouliza. Kila mtu mwingine mjini aliniuliza kwanza jina, ili ajue natoka wapi na mimi ni kabila gani, halafu akaamua anisalimuje. Yule aliuliza sauti. Kwenye kwaya hilo ndilo swali la kwanza, na jibu lake linakupa mahali pa kusimama na watu wawili, mmoja kulia na mmoja kushoto, ambao watajua usipokuja. Nilipata malaria mwezi uliofuata. Homa ilikuja ikapita bila mtu yeyote kujua. Wakati huohuo, upande wa pili wa ukuta, mwenzao mmoja alikosa mazoezi, na jioni ileile niliwasikia wakigawana nani atampelekea chakula. Nilisikia kila neno. Mimi nilikuwa nimelala.

Sitakuambia uingie kwaya. Nakuambia kilichokuwa kila upande wa ukuta.

Kuna jambo la Beni pia, la wakati wa Ebola. Ulikuwa mdogo. Nilikuwa nakuja nyumbani nanawa mikono kwenye ndoo ya klorini hapo mlangoni kabla hujaruhusiwa kunisogelea. Nilitumwa kwenye maziko. Waliokuja kuchukua mwili walivaa nguo nyeupe za plastiki, nyuso hazionekani. Familia haikuruhusiwa kuosha wala kugusa. Unajua kilio cha kwetu: watu hukaa na maiti, hukesha, huimba, na wimbo ndio unaomtoa mtu nyumbani. Pale hapakuwa na kitu. Palikuwa na vijana wenye mawe mkononi, na kelele. "Munamupeleka wapi? Munataka kumuuza?" Wenye nguo nyeupe walisimama na jeneza, hawaendi mbele wala nyuma.

Dada wa marehemu alikuwa amesimama kwenye mpaka wa kiwanja, mahali walipomwambia asipite. Akaanza wimbo. Hakuwa na sauti nzuri. Wanawake waliokuwa nyuma yake wakampokea, halafu wanaume, kwa sababu wimbo unaoujua ukianzwa, kinywa hujibu kabla kichwa hakijaamua. Wabebaji wakaanza kutembea, na baada ya hatua chache walikuwa wanatembea kwa mwendo wa wimbo. Nilimtazama kijana mmoja mbele yangu. Alikuwa na jiwe. Wimbo ulipofika mahali pa kupiga makofi, alilitazama, akaliweka chini. Ili kupiga makofi lazima uache jiwe.

Sisemi wimbo ulimaliza hasira. Wiki iliyofuata, mtaa mwingine, mawe yalirushwa. Nasema nilichoona.

Nilipohariri ripoti ile, nilibakiza kelele nikaukata wimbo. Muda ulikuwa mfupi, na kelele ndiyo ilikuwa habari. Kipande kidogo tu cha wimbo kilibaki mwishoni, chini ya sauti yangu tambarare. Miezi kadhaa baadaye yule dada alinitambua sokoni Beni.

"Ni weye wa radio. Nilikusikia. Ulisema tulipiga makelele."

"Mulipiga."

"Na tuliimba."

"Ndiyo. Nafasi ilikuwa kidogo."

"Ya makelele, nafasi ilikuwa," akasema, akaendelea kuchagua nyanya.

Tangu siku ile ninapokuta watu wanaimba naandika kwamba waliimba. Ni badiliko dogo. Limenifanya nione ni mara ngapi wanaimba. Mwaka jana nilikwenda kuzungumza na wanawake waliokimbia mashambulizi kwenye mashamba yao ya kakao upande wa Beni, waliokuwa wakilala katika ukumbi wa parokia hapa mjini. Hawakutoka kijiji kimoja. Mwanzoni waligombania kila kitu: kona, sufuria, kamba ya kuanikia. Halafu mmoja, aliyekuwa halali usiku, akazoea kuimba wakati wa kupika, na wengine wakaitikia, na wakapanga zamu za jiko kwa kufuata nani anaimba na nani. Nilimuuliza kuimba kunamsaidia nini. Nilitegemea aseme imani.

"Kinywa ikiwa na wimbo," alisema, "kichwa haiwezi kurudi kule. Hata kidogo. Halafu nikimaliza, niko nimepumua."

"Na kisha?"

"Na kisha nalala. Unataka nini ingine?"

Nikayaandika hivyo hivyo.

Ili nisikudanganye, niongeze upande wa pili. Nimesimama hapa Butembo, pembeni ya barabara, nikiwaona vijana wanapita wakienda kuchoma matairi na kufunga njia. Waliimba. Ilikuwa sauti ya wimbo wa kanisani, maneno yamebadilishwa, na walikuwa wamoja kuliko kwaya yako inavyokuwa siku ya Pasaka. Duka la fundi mmoja liliungua siku hiyo, mtu asiyehusika na lolote. Na nilipotazama chini, mguu wangu ulikuwa unafuata mdundo. Wimbo hukusanya watu, lakini hauwaulizi wanakwenda wapi. Uulize wewe, kabla hujafungua kinywa.

Sasa nije kwenye alasiri hii.

Ulipotoka nilivuta kibao nikakaa mahali unapokaa wewe, mgongo kwa Mukaka, na beseni la viazi. Nilikuwa nimepanga iwe leo, wakati haupo, ili ukirudi niwe na jibu badala ya ahadi. Nilimenya kiazi kimoja. Nikamenya cha pili. Halafu nikaimba: "Nani ameamsha kilima?"

Ilitoka juu mno. Nilijua hata kabla neno halijaisha. Mukaka hakujibu. Aliyejibu alikuwa Mama Kahindo, aliyekuwa amejibanza chini ya paa letu akisubiri mvua ipungue.

"Ee! Nani anachinja mbuzi na mvua hii?"

"Ni mimi, Mama Kahindo."

"Weye? Wa radio?" Akachungulia mlangoni, kitambaa kichwani kimelowa. "Basi endelea, mama. Atakufa tu, ule mbuzi."

Nyuma yangu nilisikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Lubero. Mukaka alikuwa anacheka. Anacheka kwa nusu ya uso, lakini ni kicheko kamili. Nikaanza tena, na kufika katikati nikapotea. Sikujua wimbo unashuka wapi. Miaka yote ya kufungua kinywa tu, na nilikuwa sijui unashuka wapi. Nikachukua kiazi cha tatu. Mvua ilikuwa kubwa. Nilifikiri: basi, nimejaribu, nitamwandikia mtoto kwamba nimejaribu.

Nikageuka. Mukaka alikuwa ameinua ule mkono mzima, kiganja wazi, jinsi sista alivyouinua. Alingoja mpaka nimtazame vizuri. Halafu akaanza yeye.

Alianza chini sana, chini kuliko wimbo huo unavyoimbwa popote, mahali ambapo sauti yangu ingeweza kufika bila kupanda. "Nani ameamsha kilima?" Maneno yote, moja kwa moja. Akanitazama. Akatikisa kidole, maana yake: haya.

"Ni sisi," nikajibu, "jembe bado limelala."

Nilikosea. Alitikisa kichwa akaanza tena. Nikakosea pengine. Akaanza tena, bila haraka, kama mtu mwenye shamba kubwa na asubuhi nzima. Mama Kahindo aliingia bila kuombwa, akaegemea mlango na kunisaidia kujibu, akinipiga bega kila niliposhuka vibaya. "Si hapo. Si hapo! Ngoja bibi afike." Viazi vilibaki kwenye beseni. Sijui tuliimba kwa muda gani. Kwa kawaida najua.

Sina maelezo. Daktari labda atakuwa nayo. Mimi nadhani hakuanza muda wote huu kwa sababu ulikuwepo wewe, na wewe hukuhitaji kufundishwa. Leo mbele yake palikuwa na mtu asiyeweza, na mama yangu hajawahi kuvumilia kazi iliyoharibiwa. Lakini hayo ni makisio, na nayaandika kama makisio.

Kilichofuata si makisio, Mama Kahindo ni shahidi. Mukaka alipumzika. Alitazama chumbani kwako. Mlango ulikuwa wazi, na kutoka kwenye kiti chake anaona kitanda, na juu ya kitanda mkoba wako. Ameuona ukijaa na kutoka mtupu wiki nzima. Tulidhani tumemficha. Akaanza kwa sauti ileile, wimbo uleule, na akabadilisha maneno, kama ulivyokuwa ukimbadilishia wewe.

"Nani anaondoka kesho?"

Ni swali la kwanza mama yangu ameniuliza tangu aanguke. Mama Kahindo aliacha kuimba. Mimi ndiye niliyekuwa sauti ya pili, na sauti ya pili haianzi, lakini ikianziwa haina ruhusa ya kunyamaza.

"Ni Kavira," nikaimba. Nilishuka mahali panapofaa.

Alitazama viazi, akanitazama mimi.

"Kumbe," akasema.

Kisha akanyoosha mkono kuelekea beseni, nimpe kiazi na kisu. Hawezi kumenya kwa mkono mmoja, kwa hiyo mimi nimeshika kiazi na yeye amemenya. Mama Kahindo amekwenda. Najua kwamba kabla ya giza mtaa wote utakuwa na habari hii, na mimi nitakuwa mbuzi.

Sijui kama Mukaka ataanza tena kesho. Ikiwa hataanza, nitaanza mimi, vibaya, na nadhani hatavumilia. Hilo ndilo jibu la swali lako. Nguo ziache mkobani.

Utakapoyasoma haya utakuwa umekwisha kumjibu Mukaka wewe mwenyewe, kwa hiyo sikuharibii kitu. Mvua imepungua. Nasikia lango, na miguu yako ukiipangusa matope. Mukaka amesikia pia. Amekaa wima, ameinua mkono.

Mama yako